Alien 3 ina makosa kibao na bado naisimamia. Njooni na povu lenu

MwanaBusia

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa kupanga muvi za Alien kuanzia kali hadi mbovu, nimeona kila anayepita anaitupa ya tatu jalalani bila hata kugeuka nyuma. Mmoja akasema bora hata ya nne. Ya nne, banange! Nikaona nisipofungua uzi wangu nitalala na kinyongo.

Kwa vijana waliozianzia kwenye simu: ya kwanza ni ya 1979, Ridley Scott, wafanyakazi saba kwenye meli ya mizigo na zimwi moja. Ya pili 1986, James Cameron, wanajeshi, mitutu, mazimwi yasiyo na idadi. Ya tatu ikaja Mei 1992 ikamwaga maji kwenye moto wa sherehe. Aliyeiongoza ni David Fincher, kijana ambaye hata miaka 30 hajatimiza, hajawahi kushika filamu ndefu, kazi yake ilikuwa matangazo na video za muziki, zikiwemo za Madonna. Baadaye akaja kutengeneza Seven na Fight Club, na hii hataki hata kuisikia.

Mimi niliionea kwenye kibanda cha video, Busia, nyuma ya soko. Mabenchi ya mbao, kaseti, jenereta inakohoa nje, shilingi mia mbili mlangoni. VJ alikuwa anatafsiri papo kwa papo kwa Kiluganda, na sisi ambao Kiluganda kilikuwa cha kuombea maji tulikuwa tunamwegemea jirani atuwekee Kiswahili. Jana yake walikuwa wameonyesha ya pili. Tulitoka mle vifua mbele. Yule mwanajeshi Hicks tulishamwita "Afande", yule mtoto Newt tukamwita "Katoto", na njia nzima kurudi nyumbani tulikuwa tunafyatuliana bunduki za mabua.

Kesho yake kibanda kimejaa hadi madirishani. Muvi inaanza, moto melini, chombo cha kujiokoa kinaanguka kwenye sayari ya jela, na kabla hata karanga hazijaisha mkononi: Afande kafa. Katoto kafa maji humohumo kwenye kitanda chake cha kioo. Wote usingizini. VJ akanyamaza, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Halafu akasema kwenye kipaza sauti, taratibu kabisa, "Nze sirina musango." Yaani, jamani, mimi sina kesi. Kibanda kikalipuka. Watu wanadai pesa zao, mtu akarusha gunzi la mahindi likagonga runinga, mwenye kibanda akasimama mlangoni na kufuli mkononi.

Kwa hiyo msinifundishe hasira ya muvi hii. Nilikuwepo. Gunzi lilipita juu ya kichwa changu.

Makosa yake nayajua kuliko wanaoitukana. Lile yai lililoanzisha balaa, nani aliliingiza melini? Hakuna jibu, na wanaojaribu kulieleza wanazidi kulichafua. Zimwi likikimbia ukutani linaonekana kama limebandikwa kwa gundi ya ugali: walitumia mwanasesere wa fimbo, wakampiga picha pembeni, wakampachika kwenye picha nyingine, na taa hazikuafikiana. Ajabu ni kwamba kazi hiyohiyo ilichaguliwa kuwania Oscar. Halafu wafungwa wote vipara, wote nguo rangi ya matope. Ile sehemu ya kukimbizana kwenye korido na kufungiana milango nimeiona zaidi ya mara nane na mpaka leo siwezi kuwaambia nani alikufa mlango upi.

Sasa sikilizeni.

Mwaka 2017 tulimzika kaka yangu. Alipanda basi la usiku kutoka Kampala, akalala kitini, basi likaanguka, hakuamka. Simu ilikuja saa tisa usiku. Hakupigana na mtu, hakusema neno la mwisho, hakuna aliyepata nafasi ya kumwokoa. Siku ya tatu baada ya mazishi tukanyolewa watu wote wa mji, wanaume kwa wanawake, wembe mpya, maji ya baridi kwenye karai. Shangazi yangu ndiye aliyemnyoa mama. Nywele zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyojua.

Wiki mbili baadaye sina usingizi, nikachomeka flashi, ikatokea hii. Ripley, shujaa wa muvi hizi (Sigourney Weaver), anaamka, anaambiwa wote wamekufa. Hapo hapo ananyolewa kichwa. Muvi inasema sababu ni chawa (chawa wa kweli, si wale wa wanasiasa). Lakini mimi nilikuwa na kichwa changu kipara kimeegemea ukuta, na mama yangu kipara chumba cha pili, na nikamwona mwanamke aliyefiwa na mtoto amenyolewa. Fincher hakulijua hilo, sidhani. Ila lipo pale kwenye skrini, na Sigourney Weaver alinyoa kweli.

Kile mnachokichukia, kwamba Afande hakupewa hata nafasi ya kurusha ngumi, ndicho kilichonikalisha hadi mwisho. Muvi nyingine zote za ukoo huu zinahusu kukimbia kifo. Hii inaanza kifo kimeshapita na watu wamekaa na mwili. Nusu saa ya kwanza ni msiba: nani anawaosha, nani anasema maneno, mtoto ana nini kifuani. Mnaidai bunduki, na yenyewe imeleta mazishi.

Karibuni.

Kandili

Mleta uzi, pole kwa kaka. Hayo mengine umepotea, tena mbali.

Muvi ya pili nzima ni Ripley kurudi kule kiotani, peke yake, na mtutu na utepe wa kubandika, kumfuata mtoto. Tulishangilia hadi sauti zikakauka. Halafu unaniambia mwaka huohuo wa hadithi, kabla hajazindukana usingizini, mtoto kafa maji. Maana yake kazi yote ile ni bure. Ni kama mtu akuuzie ng'ombe, ukifika nyumbani akupigie simu akuambie yule ng'ombe alikuwa ndoto. Huo si ujasiri wa kisanaa, ni dharau kwa mtazamaji.

Na usiniletee Fincher wa baadaye. Mpishi akija kuwa hodari, ule ugali wake mbichi wa kwanza haugeuki pilau.

Boda_wa_Nakawa

Nimesoma hadi gunzi nikaacha 😂😂 mia mbili hiyo ilirudishwa au haikurudishwa?

MwanaBusia

@Boda_wa_Nakawa haikurudishwa. Alituwekea muvi ya karate kama fidia.

@Kandili kaka, ya ugali nimekubali, umenipiga. Lakini hilo la "kazi bure" silikubali. Mama alimlea kaka miaka 34. Basi lilipoanguka, ile miaka ilikuwa bure? Ripley mwenyewe hajutii kumfuata mtoto. Angalia anavyomgusa usoni pale chumba cha maiti kabla hajaomba apasuliwe. Weaver hasemi kitu, anafanya kidole tu kwenye shavu. Mtu aliyeona kazi yake ni bure hagusi hivyo.

Nyabo_Arua

Na mimi niingie, maana naona wanaume wanagombania bunduki.

Nilichokipenda mimi ni kwamba hakuna silaha jela nzima. Hata moja. Wafungwa 25 wa makosa mazito, walinzi wa kuhesabu vidole, na mwanamke mmoja kaangukia humo. Hapo zimwi bado halijatokea na mimi tayari naogopa. Wale wanaume wakisema "tutamlinda", mnajua wanawake tunavyolisikia neno hilo. Na wanamvamia kweli, na Dillon anawachapa na chuma, halafu jioni wanakula meza moja kana kwamba hakuna lililotokea. Hiyo ndiyo hofu ninayoifahamu, si ya mate ya asidi.

Dillon nae (Charles S. Dutton, Mungu ampe maisha) ni mlokole kabisa. Kaokoka jela, ana kundi lake, wameapa kutogusa mwanamke, na anamwambia Ripley wazi kwamba yeye ni muuaji na mbakaji wa wanawake. Hamtakii usafi wa uongo. Mahubiri yake kwenye mazishi ya wale wawili nimeyarudia mara nyingi. Mkuu wa jela anasoma karatasi kama anasoma tangazo la maji kukatwa, halafu Dillon anafunga macho na kusema ya moyoni, na wakati uleule kule chini mbwa anajinyonganyonga, zimwi linamtoka. Ripley damu inamtoka puani. Elliot Goldenthal kaweka muziki kama wa kanisani. Kama mtu hakusisimka pale basi amekaa juu ya barafu.

Swali langu kwa mleta uzi: kwa nini walimuua daktari mapema vile? Nilikuwa nimeshampenda.

MwanaBusia

Dada Nyabo, hapo huniulizi, unanichoma. Clemens (Charles Dance) ndiye mtu bora wa muvi. Anasimulia alivyokuwa daktari kijana, mraibu wa mofini, kakesha zamu, kalewa, akaitwa kwenye ajali ya mtambo, akatoa kipimo kibaya cha dawa na watu 11 wakafa mkononi mwake. Kafungwa, kamaliza kifungo, wenzake wakabaki na yeye akabaki, maana nani mwingine angempa kazi? Ndiyo kwanza anamaliza kusimulia, bado ana sindano mkononi, zimwi linashuka nyuma yake.

Wengi wanasema ni kosa. Mimi pia nilisema. Kwa upande wa muvi ni hasara, kwa sababu baada yake hatuna wa kumsikiliza Ripley kwa saa nzima isipokuwa Dillon. Hilo nalikubali bila ubishi. Lakini ile dakika yenyewe, mtu ametoa siri yake yote na hapohapo anaondoka... sijaisahau tangu kibandani. VJ alikuwa bado anatafsiri maneno yake.

Mtoto_wa_Tanuru

Niko Jinja. Marehemu baba alifanya kazi kwenye tanuru la shaba hapa, enzi madini yanatoka Kilembe, yanapakiwa treni Kasese, yanakuja kuyeyushwa huku. Kwa hiyo mwisho wa muvi hii nyumbani kwetu ulikuwa na mjadala wake.

Kwanza Kiswahili chetu kinaipa muvi hii utamu ambao Wazungu hawana. Nyabo kasema jela haina silaha. Haina risasi hata moja. Na zimwi linauawa kwa nini? Kwa risasi! Wanalivuta hadi kwenye kalibu, wanalimwagia risasi iliyoyeyuka, ile metali. Jela iliyokosa risasi imeshinda kwa risasi. VJ angejua Kiswahili angepiga makofi.

Kosa nalo: risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, shaba ni 1,085. Baba alisema risasi ikiyeyuka huwa nyeupe inang'aa kama kioo, haiwaki. Ile ya kwenye muvi inawaka rangi ya chungwa kama jua linazama Ziwa Nalubaale (Victoria). Ili iwake vile ungeipasha karibu mara tatu ya hapo. Alicheka sana.

Lakini pale zimwi linaruka nje limefunikwa moto, Ripley anafungulia maji ya baridi na linapasuka vipande vipande, hapo baba hakucheka. Sisi tulikuwa hatuna umeme wakati ule, taa ya kandili tu, na kila mtoto wa nyumba ile alishawahi kuvunja chemni kwa tone moja la maji. Tii! tayari imepasuka, na kofi linafuata. Baba akanyoosha kidole kwenye skrini: "Chemni." Basi. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Boda_wa_Nakawa

Sasa hii ndiyo komenti. Chemni 😂

Ng'ombe_wa_Mbarara

Mmesema mbwa. Kwenye yangu ni ng'ombe! Dume kabisa, wanalitumia kuvuta kile chombo ufukweni, halafu linakufa na zimwi linatoka kwake. Nyinyi mnaangalia muvi gani?

MwanaBusia

Mkuu, wewe una ile ndefu. Kuna mbili. Ya 1992 ya kwenye majumba ya sinema ni dakika 114, zimwi linatoka kwa mbwa. Mwaka 2003 wakatoa nyingine kwenye boksi la DVD, karibu nusu saa zaidi, zimwi linatoka kwa dume. Waliiunganisha kutokana na alichokuwa amekipiga Fincher mwenyewe, ila yeye alikataa kushiriki.

Na hapa ndipo nawaomba wote mnaoitukana: mmeona ipi? Kwenye ile fupi yule kichaa Golic anapotea tu. Yuko kitandani, kafungwa, halafu hayupo tena, hakuna anayeuliza. Kwenye ile ndefu wanafanikiwa kulifungia zimwi, wamemaliza kazi, wanashangilia, na Golic anakwenda kulifungulia kwa sababu amelipenda. Analiabudu. Kipande hicho ndicho uti wa mgongo wa hadithi, na mtu ofisini alikikata.

Mnajua ilivyotengenezwa? Waandishi walipishana mlangoni kama abiria wa teksi pale Old Park, Kampala. William Gibson aliandika, David Twohy aliandika. Vincent Ward wa New Zealand akaja na sayari ya mbao yenye watawa. Watawa wakageuzwa wafungwa, dini ikabaki. Kijana Fincher akakabidhiwa mandhari yanajengwa pale Pinewood, Uingereza, na hadithi haijakamilika. Mpiga picha wake Jordan Cronenweth, aliyepiga Blade Runner, alikuwa anaumwa Parkinson ikabidi aache, Alex Thomson akachukua. Kila siku studio wanapiga simu. Na bado ikatoka na sura moja: ile kutu, ule mwanga wa mshumaa, kamera iko chini sakafuni inaangalia juu. Nyumba imejengwa na mafundi watano waliogombana na bado haivuji kote.

Ng'ombe_wa_Mbarara

Kumbe. Lakini kisanaa nasimama na mbwa. Dume zuri vile kufa bure, kwetu ni kesi.

Acholi_Mtulivu

Mimi huwa sichangii ila la mtoto kupasuliwa limenigusa.

Ripley anaomba Katoto apasuliwe kifua, na anadanganya kwamba anahofia kipindupindu. Mwaka 2000 nilikuwa Gulu, Ebola. Walikufa watu 224 mlipuko ule. Mjomba wangu alizikwa na watu waliojifunika hadi macho, mama hakuruhusiwa kumwosha wala kumgusa, sisi tulisimama mbali chini ya mwembe. Kwetu kutomwosha maiti ni aibu inayokaa ukooni.

Kwa hiyo Ripley anayesimama pale anaangalia mtoto wake akikatwa, kwa sababu anajua mwili unaweza kuwa umebeba kitu kitakachoua wengine, na bado anataka wachomwe kwa heshima, maneno yasemwe... wale waliosema muvi hii haina moyo, sijui waliangalia wapi. Ni hayo tu.

MwanaBusia

Asante, ndugu. Nilikuwa sijaiona hivyo.

Kandili

Nimesoma yote. Acholi, pole sana.

Sawa, nilegeze kidogo. Kidogo! Nakubali mazishi ni mazuri. Nakubali ile picha maarufu, zimwi mdomo wazi shavuni kwa Ripley na halimgusi, ndiyo picha bora ya ukoo mzima. Kibandani kwetu Tororo mzee mmoja alisimama akasema kwa sauti, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," kibanda kikacheka, halafu baadaye ikajulikana Ripley ana malkia tumboni na ndiyo sababu hakuliwa. Yule mzee alituharibia muvi bila kujua.

Lakini mwisho? Ile Kampuni inakuja na mtu mwenye sura ya Bishop, yule roboti wa ya pili, kumbembeleza, na anajirusha tanuruni. Shujaa wetu wa muvi tatu anakufa. Bado nasema hapana.

Nyabo_Arua

Kandili, sikiliza yale anayoliambia zimwi chini kule gizani, kwamba limekaa maishani mwake muda mrefu hadi hakumbuki kitu kingine. Huyo ni mtu aliyechoka. Hao wa Kampuni wanataka wamtoe yule malkia wamfuge. Ungetaka awape?

Ila kuna tofauti. Kwenye ile fupi malkia anampasua kifua akiwa anaanguka, na anamkumbatia kama mtoto. Kwenye ile ndefu hatoki, Ripley anafumbua mikono tu na kwenda. Mimi napenda ya pili. Hakusukumwa na mtu wala mdudu.

MwanaBusia

Ya pili, dada. Hiyo ya kwanza ni kelele za bure. Na anayetoka hai jela nzima ni mmoja, Morse, anachechemea na pingu.

Kandili, uliiona ipi?

Kandili

Fupi. Tororo, kaseti.

MwanaBusia

Basi kesi imeahirishwa. Nenda katafute ndefu.

Kandili

Kuna kijana hapa mtaani ananichomea kwenye flashi, elfu moja. Naangalia leo usiku, na ikiwa mbovu elfu yangu unairudisha wewe, si kama yule mwenye kibanda.

Boda_wa_Nakawa

Uzi haulali huu. Nimekaa hapa na rolex yangu ya chapati na mayai nasubiri.

Kandili

Nimeanza. Dume limeshakufa.

Kandili

Huyu Golic huyu!! Kumbe alifungulia yeye? Miaka yote hii.

Subirini, nimerudi nyuma nilikuwa nimeruka pale jalalani. Bishop amewashwa, kabaki kichwa na bega, anamwambia Ripley amzime tu, hataki kuwa nusu kitu. Ripley ameshika waya

Kandili

Umeme umekatika. Tororo nzima giza. Naandika kwa asilimia nne za simu, na chemni nayo ilishavunjika juzi.